UZI: Mkwara, biti, tishio, onyo, tambo... lipi unaenda nalo polisi na lipi unaishia kucheka?

Mleta mada

Wakuu habari za jioni.

Kuna kitu kwenye Kiswahili chetu nataka tukijadili kwa utulivu kabla hawajaja wale wa kubishana. Neno unalochagua kuelezea kwamba fulani kakutia hofu linaamua watu watakuchukuliaje, tena kabla hujamaliza kusimulia. Ukisema "jamaa kanichimba mkwara" watu wanatabasamu, wanasubiri kichekesho. Ukisema "jamaa amenitishia" wanakuuliza amekutishia kwa nini na kwa kitu gani. Ukisema "ametishia kuniua" swali linalofuata ni RB (namba ya taarifa yako polisi) umechukua? Na inawezekana kabisa ni jamaa yuleyule, maneno yaleyale, kona ileile ya mtaa.

Tuanze na ukoo wenyewe. Kutisha na kutishia watu wanavichanganya sana ila havifanani. Kutisha hakuhitaji mtu awe na nia, giza linatisha, ajali inatisha, bei ya mchele inatisha na mchele wenyewe hauna ubaya na mtu. Kutishia lazima nyuma yake kuwe na mtu anayetaka kitu, ufunge mdomo, uhame kiwanja, ufute kesi, urudishe hela. Ndo maana gazeti litaandika "mbaroni kwa kutishia kuua kwa maneno", huwezi kukuta "mbaroni kwa kutisha", huyo angekuwa anakamatwa kwa sura yake tu. Na ukiambiwa mtoto ametishwa, ni kitu kimemshtua, labda mbwa, lakini ukiambiwa ametishiwa, hapo uliza nani.

Sasa mkwara. Kuchimba mkwara, kupiga mkwara, vyote sawa. Kwa masikio yangu mkwara tayari una shaka ndani yake, yaani anayesimulia anakwambia kwamba yule bwana alikuwa anajaza upepo tu. Ukiongeza "mkwara mbuzi" umemmaliza kabisa.

Biti ni kitu kingine na hapa najua tutagombana. Mimi nasema biti linatoka kwa mtu mwenye uwezo wa kulitimiza. Mwenye nyumba anakupiga biti. Bosi anakuchimba biti. Mama mkwe, ndo usiseme. Mzee akikwambia "ukirudi tena saa saba usiku utafute pa kulala" huo sio mkwara, nyumba ni yake na funguo anazo.

Halafu kuna tambo na majigambo, haya hayana hata mlengwa maalum, bondia anaenda kupima uzito anasema mwenzake atamlaza raundi ya pili, kila mtu anajua ni sehemu ya kuuza tiketi.

Hoja yangu: tumekuwa na maneno mengi ya kupunguza uzito wa kitisho kuliko ya kuuongeza, na inatugharimu. Mtu anaenda kituoni, anaulizwa kimetokea nini, anajibu "afande kuna jamaa ananipiga mikwara". Unategemea afande aandike nini?

Karibuni.

Kijiko cha Chai

Nimewahi siti. Kahawa ipo, kashata zipo.

Jangwani Mpaka Kifo

Mleta mada umetisha sana.

Na hapo nimekuletea mfano bure, maana nimekusifia. "Umetisha", "unatisha", "hatari", "balaa", "noma", "moto wa kuotea mbali", haya yote yalikuwa maneno ya kukimbizia watu, leo ndo maua tunayomwagiana. Winga akipiga chenga watu wanne tunasema huyu dogo ni hatari. Straika akifunga mechi tatu mfululizo magazeti yanamwita tishio. Hakuna neno la sifa linalomfikia.

Bi Mkubwa wa Mji Mkongwe

Assalaam alaykum. Nyie wabara mna mikwara na mabiti, haya ndio maneno yenu. Huku kwetu mtu hukhofisha, hutia khofu, na neno la asili kabisa ambalo naona mmelisahau ni KUKAMIA. Bibi zetu wakisema "fulani kamkamia mwenzake" maana yake kamuahidi shari, kamwambia nitakufanya kadha wa kadha, na anaingojea siku. Si kitisho cha mdomoni cha kupita, ni mtu keshaweka nia. Leo nawasikia vijana wa mpira ndio wanalo.

Jingine, hilo kutisha lina ndugu yake mnamuona kila siku hamumjui. Kucha kwa maana ya kuogopa. Mcha Mungu, uchaji Mungu, kumcha Mola. Kutisha ni kumfanya mtu ache, yaani aogope. Kwa hiyo mcha Mungu na mpiga vitisho neno lao limetoka tumbo moja, mmoja anaogopa na mwengine anaogopesha.

Jangwani Mpaka Kifo

Bi Mkubwa shikamoo, hilo la kukamia umenifumbua macho. Sisi huku kukamia ni timu ndogo ikikutana na kubwa inacheza kama fainali ya dunia, wiki inayofuata inafungwa na timu ya mkiani. "Wametukamia" ndo kisingizio cha taifa. Kumbe asili yake ni kuahidiana shari, basi maana haijaenda mbali, nia ya kudhuru ileile ila sasa imewekewa refa.

Ila kuna watani zangu wa Simba hawakumkamia mtu tarehe 5 Novemba 2023, walikuja na tambo tu, wakaondoka na tano.

Msimbazi Damu

Nyie Yanga mlivyokula 5-0 mwaka 2012 mlikuwa mmekamia nini? Acha kuharibu uzi wa watu.

Mleta mada

Watani tafadhali, jukwaa la michezo lipo kule.

Msee wa Umoja

Sasa wasee wa Bongo, huku Nairobi hiyo mkwara tunaisikia kwa nyimbo zenu tu. Sisi tunasema jamaa ananiingiza baridi, ama nimeingiwa na baridi. Shuleni mwalimu alikuwa anakwambia "chuma chako ki motoni" na anaenda zake, hakuchapi siku hiyo, hakuchapi kesho, wewe ndio unajichapa kwa mawazo wiki nzima. Kiswahili sanifu kilikuwa kinatumika kwa mambo mawili tu pale shule, mtihani na kutishwa.

Na mwingine anakwambia "utajua hujui". Hiyo sentensi ukiiangalia vizuri haina kitu ndani, hakuna pahali amesema atafanya nini, lakini kaa nayo usiku uone.

Kuhusu polisi, kwetu ni OB, kile kitabu cha matukio. Ukienda useme "ametishia maisha yangu" hapo wanaandika. Kanuni yetu ya adhabu kutishia kuua ni kifungu cha 223 na inaweza kukupeleka ndani hadi miaka 10, na kuna 238 ya kuhangaisha na kutisha watu, hiyo ni hadi miaka 3. Lakini ukisema "ananisumbua" unaambiwa muongee muelewane.

Ticha Mstaafu

Naona mmeruka daraja zima la katikati. Kati ya kusema na mtu na kumtishia kuna ngazi, na kila ngazi ina mwenye haki ya kuipanda. Kuonya anaweza yeyote, hata mdogo anaweza kumwonya mkubwa kwa adabu. Kukanya ni kwa wazazi na wazee. Kugombeza na kukaripia lazima uwe juu ya mtu, kaka mkubwa, mwalimu, msimamizi, ndo maana huwezi kusikia "karani kamkaripia mkurugenzi", ukisikia hivyo ujue kuna habari hapo. Kukemea nako kumepanda kukakaa madhabahuni na jukwaani, tunakemea pepo, tunakemea rushwa, na vyote viwili mara nyingi vinabaki palepale. Kufoka na kukoroma hakuna daraja, hata mlevi anafoka.

Serikalini na kwenye vyama haya yamepangwa hadi kwenye karatasi. Onyo ni adhabu, karipio ni adhabu, "karipio kali" linasomwa mbele ya kikao na kada anaondoka ameinamisha kichwa, wakati neno hilohilo nyumbani ni mama tu kamkaripia mtoto aliyemwaga uji.

Kwa hiyo mleta mada, hilo biti lako mimi naliona ni karipio lililovaa jinzi. Mwenye nyumba akikuambia lipa au hama hajakutishia, amekukumbusha mkataba.

Mleta mada

Ticha shikamoo. Karipio lililovaa jinzi nimelipenda ila nakataa kidogo. Karipio linaangalia nyuma, unakaripiwa kwa ulichofanya. Biti linaangalia mbele, "ole wako nisikie tena". Hata kama limeanza na kosa la jana, mzigo wake uko kesho.

Mdaiwa Sugu

Nyie mnachambua maneno sisi wengine tuliyalamba.

Nilikopa kwenye programu moja ya simu, jina naliacha. Siku ya kwanza baada ya tarehe kupita ujumbe ulikuwa wa heshima kabisa, "ndugu mteja tunakukumbusha". Kesho yake "tunakuonya kwa mara ya mwisho". Kesho kutwa "utaaibika", halafu "tunazo namba za watu wako wote". Na kweli, shemeji yangu akapigiwa, kiongozi wangu wa kwaya akatumiwa picha yangu imeandikwa TAPELI. Hawakusema popote watanipiga wala kuniua. Hakukuwa na kisu wala bastola. Lakini niliacha kushika simu, ikilia tu tumbo linakata.

Sasa niambieni hilo ni neno gani. Mkwara sio, walitimiza. Biti sio. Mtaani tunaita kausha damu na nadhani ndo jina pekee linalofika, kwa sababu linasema mwili unajisikiaje. Najua mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni na kuzipiga marufuku, yangu nikaikuta humo, nikacheka peke yangu kama chizi.

Msee wa Umoja

Pole sana buda. Huku ilikuwa hivyo hivyo mpaka 2022 zikaja kanuni za Central Bank za wakopeshaji wa dijitali, zinakataza kabisa kutumia vitisho, matusi, ama kupigia watu walio kwa kontakti zako. Kukataza ni kitu kimoja, kuacha ni kingine.

Wakili Asiye na Kesi

Nimesoma kimyakimya sasa niseme.

Sheria haijali umeita mkwara au biti. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 89 kidogo cha (2), inaangalia mambo mawili, kwamba mtu ametishia kumdhuru mwenzake, kumshambulia, kumpiga risasi, kumuua, au kuchoma na kuharibu mali yake, na kwamba alikuwa na nia ya kumtisha au kumuudhi. Basi. Haiulizi kama wewe ulicheka au ulikimbia. Mtu anaweza kukupiga "mkwara mbuzi" mbele ya watu ishirini wote wakacheka na bado akawa na kosa.

Kwa huyo ndugu wa mkopo kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inagusa mawasiliano ya kielektroniki yanayotumwa kwa nia ya kushurutisha, kutisha, kunyanyasa au kumuumiza mtu kihisia. Hakuna haja ya kisu. Kwa hiyo neno la kisheria lililokaa karibu na kausha damu ni kushurutisha, na kushurutisha ndo injini ya haya maneno yote. Ukiondoa shuruti, kinachobaki ni kelele.

Muuza Mkaa

Wakili unasema kelele lakini kuna kelele zinaua mtu. "Unanijua mimi ni nani?" hili ni swali au kitisho? Nimeulizwa na mtu mwenye gari, kisa kiroba changu kimegusa bampa. Nikamjibu simjui. Alichanganyikiwa kuliko mimi, maana swali lile halikutengenezwa lijibiwe.

Bi Mkubwa wa Mji Mkongwe

Hahaa baba umemuweza. Huyo vijana wanamwita anajimwambafai, yaani anajifanya mkubwa.

Umenikumbusha na ile "usinitishie nyau". Mtu mzima kutishiwa nyau! Mwengine anasema nyau ni paka, mwengine anasema ni ile ngoma ya watu wa Nyasa wanaovaa vinyago, watoto wakimuona wanajificha. Mimi siingii kati, wote wawili hawamtishi mtu mzima.

Mama Ntilie wa Stendi

Wanaume mmejaza ukurasa na bastola na bampa, hamjui vitisho vikali havina neno la kutisha hata moja.

"Sawa." Tu. Mwanamke akisema sawa, akanyamaza, akaendelea kuosha vyombo, hapo tafuta pa kushika.

"Haya, tutaonana." Hakuna anayemwambia hivyo mtu anayetaka kumwona.

"Na wewe una watoto." Hii nimeisikia kwenye kesi ya shamba huko kwetu, mzee wa watu alikuwa amesimama imara kila kitu, vyeti anavyo, mashahidi anao, akaambiwa hiyo sentensi moja na mtu anayetabasamu, kesho yake akaacha shamba. Ukienda kituoni utasema nini? Kaniambia nina watoto? Si kweli unao?

Na kubwa kuliko zote, "NAKUACHIA MUNGU". Huyo hajakutishia yeye, kampa kazi mwingine. Nimeona mtu amerudisha cherehani usiku kwa kusikia hivyo tu, na huko pwani wakitangaza Ijumaa itasomwa albadiri, ile dua ya kumlaani mwizi, basi hadi kuku aliyeshaliwa analipwa. Hakuna aliyetajwa jina, hakuna aliyeguswa, na mwizi mwenyewe ndiye anayejitisha.

Kijiko cha Chai

Mama Ntilie umetisha (kwa maana zote mbili). Kashata zimeisha.

Mleta mada

Mama umeuweka uzi mahali ambapo mimi sikuufikisha. Maana mimi nilikuwa nahesabu maneno, wewe umeonyesha kwamba anayemaanisha halitumii neno. Mpiga mkwara anasema "nitakuua", mwenye mpango anasema "una watoto".

Ticha Mstaafu

Sio kila mara. Nawapa mfano wa aliyesema wazi na akamaanisha. Mwaka 1978 Idi Amin alipovamia Kagera na kutangaza kwamba eneo lile ni la Uganda, tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alizungumza na taifa akasema tutampiga, akataja nia, sababu na uwezo, kwamba vyote tunavyo. Tulioisikiliza redioni tunajua haikuwa na ukali wa sauti unaoudhania ukisimuliwa, alikuwa kama anasoma orodha. Amin kwa upande wake alishatoa kila aina ya tambo, hadi kutaka yeye na Nyerere wamalize ugomvi kwa ngumi ulingoni na Muhammad Ali awe refa. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka.

Sasa kwa lugha zenu za leo, Amin alikuwa na mkwara. Ile ya Mwalimu mniambie ni biti au ni nini, maana tangazo halikuwa na "ukifanya hivi nitafanya hivi". Kilikuwa kimeshafanyika.

Wakili Asiye na Kesi

Hiyo ni taarifa, Ticha. Kitisho kinampa mtu njia ya kutokea, fanya hivi usidhurike. Ile haikuwa na mlango.

Jangwani Mpaka Kifo

Wanasiasa wa siku hizi wao wana "atakiona cha mtema kuni", "kilichomtoa kanga manyoya", na ile "tutakula nao sahani moja". Nimewahi kumtafsiria mgeni mmoja hiyo ya sahani moja, akasema ni ukarimu mkubwa sana kwa wapinzani.

Msee wa Umoja

Hahaha maze sahani moja! Mimi pia nilikuwa nadhani ni chakula.

Mdaiwa Sugu

Samahani wakuu, Wakili kabla hujaondoka. Kuna jirani yangu ana kesi kama ya Mama Ntilie, anaambiwa vitu vya mafumbo na mtu wanayegombania mpaka wa kiwanja. Akienda polisi aanzeje? Maana hana "nitakuua" ya kupeleka.

Wakili Asiye na Kesi

Asipeleke jina la kosa, apeleke maneno. Asiseme "amenitishia", asiseme "amenipiga mkwara", hayo ni maoni yake. Aandike leo kabla hajasahau, alisema nini neno kwa neno, hata kama ni "una watoto" au "tutaonana", siku gani, saa ngapi, wapi, nani alikuwepo, walikuwa wanazungumzia nini kabla ya hapo, na nini kilitokea baada ya hapo. Fumbo likikaa peke yake halina nguvu, ila likikaa katikati ya ugomvi wa kiwanja, limesemwa mara tatu na mtu yuleyule, maana yake inajionyesha. Ujumbe wa simu asifute hata ule wa salamu. Na aende na mtu aliyesikia, sio mtu aliyesimuliwa. Akipewa RB namba aiandike mahali pengine zaidi ya kwenye simu.

Mdaiwa Sugu

Nimempelekea kama ulivyoandika. Anauliza je na ile "sawa" ya mke wake aiandike?

Mama Ntilie wa Stendi

Hiyo amwambie akaombe msamaha, polisi hawaiwezi.